Jinsi ya kupunguza kemikali za kulainisha plastiki katika chakula cha mtoto

Wali unapokaribia kukauka maji, wapishi wengi wa Dar es Salaam, wa majumbani na wa vibandani, hutandaza nailoni juu yake kabla ya kuweka mfuniko, ili mvuke usitoroke na wali uive upesi. Nimekula wali wa namna hiyo tangu utotoni, na nimeupika mwenyewe kwa miaka mingi kabla ya kujiuliza ile nailoni inayonywea na kujikunja kwa joto huacha nini ndani ya sufuria. Nilipopata mtoto, swali hilo halikuniacha tena. Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi anayepika kwa mkaa au gesi, anayenunua mafuta ya kupima na maziwa ya mtaani, na ambaye hawezi kutupa vyombo vyake vyote vya plastiki kwa siku moja, wala hahitaji kufanya hivyo.

Kinachotoka kwenye plastiki

Plastiki aina ya PVC kwa asili yake ni ngumu, kama lile bomba la kijivu la maji machafu. Ili iwe laini kama mpira wa kumwagilia maua, kitambaa cha meza cha plastiki au kapeti la plastiki la chumba cha kupanga, kiwandani huchanganywa na vimiminika vinavyofanana na mafuta, na vinavyojulikana zaidi kati ya hivyo ni vya jamii ya thaleti. Katika PVC laini, vilainishi hivi mara nyingi hufikia asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa kitu chenyewe. Havikufungamana na plastiki. Vimekaa ndani yake kama mafuta yaliyofyonzwa na kitambaa, na kwa hiyo hutoka polepole na kuhamia kwenye kitu chochote kinachogusana nayo. Mambo matatu huharakisha uhamaji huo: joto, mafuta na muda. Maji baridi hubeba thaleti kidogo sana kwa kuwa haziyeyuki vizuri ndani yake, lakini mafuta ya kula, tui la nazi, maziwa yenye malai, nyama ya mafuta na karanga za kusaga huzivuta kwa nguvu. Mtu akishika jambo hili moja, yaani kwamba cha moto na chenye mafuta ndicho cha kutenganishwa na plastiki kwanza, ataweza kuamua mwenyewe hata pale ambapo mwongozo huu haukufika.

Thaleti inayotajwa mara nyingi ni ile inayoitwa kwa kifupi DEHP. Nyingine ni DBP, BBP, DIBP na DINP. Umoja wa Ulaya umeziweka nne za kwanza katika kundi la kemikali zinazodhuru uzazi, kwa kuwa katika majaribio ya wanyama hupunguza homoni ya kiume ya mtoto aliye tumboni na kuvuruga ukuaji wa viungo vyake vya uzazi, na baadhi ya tafiti za binadamu zimeonyesha dalili za kuelekea huko huko kwa watoto wa kiume ambao mama zao walikuwa na kiasi kikubwa cha kemikali hizi wakati wa ujauzito. Kwa sababu hiyo mama mjamzito naye anahusika na kila hatua iliyoelezwa hapa, hata kama hana mtoto mwingine wa kulisha.

Mtoto mdogo, kwa kila kilo ya uzito wake, hula na kunywa kuliko mtu mzima, na mikono yake haikai mbali na mdomo. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa jumla ya DEHP, DBP, BBP na DINP, kila moja ikihesabiwa kwa kadiri ya nguvu yake. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni mikrogramu 600 kwa siku, kiasi ambacho hakifiki hata miligramu moja. Mamlaka hiyo ilikadiria pia kwamba hata Wazungu wanaopata thaleti nyingi kwenye chakula hufikia karibu robo tu ya kikomo hicho. Nayataja haya ili mzazi asihangaike kana kwamba amemlisha mwanawe sumu kwa sahani moja ya wali. Tunachokitafuta ni kupunguza kinachojirudia kila siku, kwa miaka, katika umri ambao mwili unajengwa.

Habari njema ni kwamba mwili hauzihifadhi thaleti kwa muda mrefu. Huzivunja na kuzitoa kwa mkojo, sehemu kubwa ndani ya siku moja au mbili, na hivyo mabadiliko ya jikoni huonekana mwilini upesi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya familia tano za eneo la San Francisco zilizokula kwa siku tatu vyakula vibichi vilivyopikwa na kuhifadhiwa bila plastiki wala makopo: mabaki ya DEHP katika mkojo wao yalishuka kwa zaidi ya nusu. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Seattle walijaribu jambo linalokaribiana na hilo kwa familia kumi, na DEHP ikapanda sana badala ya kushuka. Walipovipima vyakula vyenyewe, walikuta kiasi kikubwa kwenye giligilani ya unga na kwenye maziwa, ingawa wapishi walikuwa wamejitahidi kuepuka plastiki. Chakula kilikuwa kimekutana na plastiki kabla hakijafika jikoni kwao. Majaribio haya mawili ndiyo yaliyonipa mpangilio wa mwongozo huu, kwa sababu yanaonyesha kwamba juhudi ni lazima ianzie pale chakula kinaponunuliwa na si pale kinapopakuliwa.

Sufuria ya wali

Nailoni nyepesi ya dukani kwa kawaida ni poliethilini, ambayo haihitaji kulainishwa kwa thaleti, na hilo lisemwe kwa haki. Tatizo ni kwamba kipande kinachotandazwa juu ya wali hakina alama yoyote: kinaweza kuwa mfuko uliotengenezwa kwa plastiki chakavu zilizochanganywa, mfuko uliochapwa wino, au kipande kilichokatwa kwenye karatasi ya plastiki ya kazi nyingine kabisa, nacho kinawekwa juu ya mvuke wa nyuzi 100 na wali uliotiwa mafuta au tui. Hakuna kiwanda kilichoutengeneza mfuko huo kwa kazi hiyo.

Wanaopikia mkaa wana njia bora kuliko nailoni, nayo ni ya zamani. Maji yakikaribia kukauka, punguza makaa chini, funika kwa mfuniko unaokaa sawasawa, kisha palia makaa juu ya mfuniko, ili joto lishuke kutoka juu na punje za juu ziive sawa na za chini. Anayepikia gesi ashushe moto hadi mwisho, atandaze kitambaa safi cha pamba juu ya mdomo wa sufuria, aweke mfuniko juu yake na kukunja pembe za kitambaa zilale juu ya mfuniko zisije zikashika moto, kisha aache kwa dakika 15 hadi 20 bila kufunuafunua. Kama mfuniko umepinda, kinu kidogo au jiwe safi lililowekwa juu yake huzuia mvuke vizuri. Njia ya tatu alinionyesha shangazi yangu, aliyekulia Bagamoyo: jani la mgomba huoshwa, hupitishwa juu ya moto hadi linyauke na kulegea lisipasuke, uti wake hukatwa, kisha hulazwa juu ya wali. Kwake yeye hilo halikuwa jambo la kujifunza, kwani nailoni ndiyo iliyokuja baadaye, na naona ni hasara kubwa kwamba kizazi changu kililiacha jani kwa ajili ya mfuko.

Anayefunika ndizi, viazi vitamu au mihogo kwa nailoni afuate njia hizo hizo.

Mafuta ya kupima

Hapa ndipo ningemwomba mzazi atumie nguvu zake nyingi, kwa sababu mafuta huingia kwenye kila mlo wa mtoto na ndiyo yanayovuta thaleti kuliko kitu kingine. Dumu la lita 20 lenyewe kwa kawaida ni la plastiki ngumu isiyohitaji vilainishi, ingawa si jambo jema likishinda juani mbele ya duka. Lakini tazama namna mafuta yanavyotolewa ndani yake. Katika baadhi ya maduka hunyonywa kwa mpira laini unaoonyesha ndani, ambao aghalabu ni PVC iliyolainishwa, na mpira huo hubaki na mafuta ndani yake siku nzima, katika joto la Dar es Salaam, ukisubiri mteja anayefuata. Joto, mafuta na muda vimekutana mahali pamoja. Baada ya hapo mafuta humiminwa kwenye kifuko kidogo au kwenye chupa ya maji iliyokwisha kutumika.

Nenda dukani na chupa yako ya kioo iliyooshwa na kukaushwa vizuri, na uombe kwa upole: "Mangi, naomba unipimie kwa kikombe, usinitolee kwa mpira." Wa kwangu alishangaa siku ya kwanza, akauliza sababu, nikamweleza, sasa ana kikombe cha bati kinachoning'inia kwenye dumu na wateja wengine wanapimiwa nacho. Kama mwenye duka hawezi, ni afadhali kununua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, hata kama bei yake kwa lita ni kubwa zaidi, na kupunguza kidogo mafuta yanayotiwa kwenye chakula cha mtoto. Nyumbani, hifadhi mafuta kwenye kioo, mbali na jiko na dirisha lenye jua.

Ukitaka kujua chombo kimetengenezwa kwa plastiki gani, kigeuze utazame kitako. Tangu mwaka 1988 viwanda vimekuwa vikitumia alama ya pembetatu yenye namba kati ya 1 na 7. Namba 3 ni PVC, na hiyo isiguse chakula cha mtoto. Namba 2, 4 na 5 ni plastiki ambazo ulaini au ugumu wake hautegemei thaleti, na kwa vitu vikavu au vya baridi zinafaa. Namba 1 ni ile ya chupa za maji na soda, iliyokusudiwa kutumika mara moja na isiyostahimili chakula cha moto. Namba 6 ni pamoja na yale maboksi meupe mepesi ya chakula. Hayana shida ya thaleti, lakini nayo hayafai kwa chakula cha moto chenye mafuta, kwa kuwa yana kemikali yake nyingine inayohama. Namba 7 ni mchanganyiko wa plastiki nyingine zote. Chombo kisicho na namba, chenye harufu kali ya plastiki na kinachonata kidogo mkononi, kisinunuliwe kwa ajili ya chakula hata kikiwa cha bei nafuu kiasi gani. Ndoo za rangi na madumu yaliyobeba kemikali hayasafishiki kwa sabuni wala kwa maji ya moto, kwa sababu plastiki hunywa kile ilichobeba.

Tui, maziwa na viungo

Tui la nazi ni mafuta ndani ya maji, na watu wengi siku hizi huikuna nazi kwenye mbuzi, huikamua kwa maji ya moto, kisha hulichuja tui kwenye chujio la plastiki laini. Kifumbu cha ukili bado kinauzwa, na anayeona ni kazi kukisafisha atumie chujio la waya au kitambaa cheupe cha pamba kinachochemshwa kila mara. Tui lisikae kwenye bakuli la plastiki likisubiri mchuzi.

Maziwa ni mlolongo mrefu zaidi: huko ng'ombe anapokamuliwa, mashine za kukamulia hutumia mipira laini, na mzazi wa mjini hana mkono huko. Anachoweza kukitawala ni sehemu ya mwisho ya safari. Muuza maziwa anayepita mtaani asubuhi akikupimia moja kwa moja kwenye sufuria yako badala ya kwenye mfuko, umeondoa kituo kimoja. Yachemshe upesi, yapoe kwenye sufuria hiyo hiyo, kisha ndipo uyatie kwenye jagi la kioo au la stenlesi. Mtu asiache kumpa mtoto maziwa kwa hofu ya plastiki; mtoto anayahitaji.

Viungo vinunuliwe vizima. Giligilani, binzari nyembamba, pilipili manga, iliki na mdalasini vinapatikana Kariakoo na Kisutu vikiwa havijasagwa, bei yake si mbaya, na kinu cha nyumbani husaga cha wiki nzima kwa dakika chache. Unga wa viungo una eneo kubwa la kugusana na mfuko pamoja na mafuta yake ya asili, na umepita kwenye mashine na magunia ambayo huyajui. Siwezi kusahau kwamba ni kijiko cha giligilani kilichochangia kuharibu jaribio la Seattle.

Karanga za kusaga zihifadhiwe kwenye mtungi wa kioo uliosimama wima. Ndani ya mifuniko ya mitungi mingi kuna utepe laini wa kuzuia hewa, nao aghalabu ni PVC iliyolainishwa. Mafuta yakiugusa kwa wiki nyingi huubeba ulaini wake.

Hotpoti, meza na chakula cha shule

Hotpoti yenye ndani ya stenlesi haina tatizo. Yenye ndani ya plastiki hutiwa wali, chapati na maandazi vikiwa vimetoka motoni, kisha hufungwa kwa saa nyingi, na hapo tena joto, mafuta na muda hukutana. Suluhisho la gharama ndogo ni kufunga chapati kwanza kwa kitambaa kizito cha pamba, au kutia bakuli la stenlesi ndani ya hotpoti na kuweka chakula humo. Kitambaa cha meza cha plastiki ni PVC laini iliyo wazi kabisa: usisukumie chapati juu yake, usimwagie maandazi ya moto juu yake, na mtoto anayejifunza kula asiokote wali kutoka juu yake kila siku. Kibao cha mbao cha kusukumia hudumu miaka.

Kwa chakula cha shule, kopo la stenlesi lenye mfuniko wa kubana ndilo ningelinunua kabla ya kitu kingine chochote. Mpaka litakapopatikana, tandaza chakula kwenye sinia kwa dakika kadhaa kipungue moto ndipo kiingie kwenye kopo la plastiki lenye namba 5, lakini usikiache nje zaidi ya saa mbili, kwa kuwa chakula kilichochacha kitamdhuru mtoto leo hii. Vipande vya matunda, karanga za kukaanga zilizopoa na maji vinaweza kubaki kwenye plastiki nzuri bila wasiwasi. Aliye na maikrowevu apashe chakula kwenye sahani ya udongo au kioo, hata kama kopo limeandikwa kwamba linafaa kupashwa.

Maneno "haina BPA" kwenye chupa na makopo ya watoto yasichukuliwe kuwa na maana pana kuliko yaliyonayo. BPA si kilainishi. Ni kemikali ya plastiki ngumu inayong'aa na ya utando ulio ndani ya makopo ya bati, na chombo kinaweza kukosa BPA huku kikiwa na thaleti au na ndugu wa BPA mwenye jina tofauti. Hata hivyo kuepuka BPA ni jambo jema: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka yake ya chakula ilishusha kikomo cha kila siku karibu mara 20,000. Kwa jikoni ya Dar es Salaam maana yake ni nyepesi, yaani maharage ya kuchemshwa nyumbani badala ya ya kopo, na nyanya za sokoni badala ya za kopo.

Chakula cha kununua

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na jambo hilo limeondoa kiasi fulani cha chipsi za moto zilizokuwa zikitiwa kwenye mifuko. Vifuko vyeupe vyembamba bado huonekana, kwa juisi, kwa mchuzi wa maharage na hata kwa supu. Kwa mama ntilie uliyemzoea, ombi ni dogo na halina dharau likisemwa vizuri: "Shikamoo mama, naomba uniwekee kwenye bakuli langu, nimekuja nalo." Wengi hufurahi kwa sababu wanaokoa gharama ya kifungashio. Usikimbilie gazeti kama mbadala wa nailoni, kwani wino wa kuchapia nao una kemikali za mafuta, zikiwamo thaleti katika baadhi ya wino, na kitumbua cha moto huunyonya.

Jambo lisilotazamwa sana ni glavu. Glavu nyepesi za plastiki zinazovaliwa na wahudumu katika baadhi ya sehemu za vyakula huwa ni za PVC, na watu huziona kuwa alama ya usafi. Japani iligundua kwamba glavu za namna hiyo ziliingiza DEHP nyingi kwenye vyakula vya boksi, hasa zilipopuliziwa pombe ya kusafishia, na kuanzia mwaka 2000 ikazuia zenye DEHP zisitumike kwenye chakula. Koleo la chuma au mkono uliooshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka ni salama zaidi kuliko glavu isiyojulikana iliyokwisha kushika pesa.

Kama mtoto amezoea chipsi na kuku wa kukaanga mara nne kwa wiki, kupunguza hadi mara moja kutasaidia kuliko kubadilisha boksi la kubebea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 8,800, ulionyesha kwamba waliokula zaidi vyakula vya haraka vya hotelini walikuwa na mabaki ya DEHP yaliyozidi kwa karibu asilimia 24, na ya DINP kwa karibu asilimia 39, wakilinganishwa na wasiovila.

Mtoto anayenyonya na anayeanza uji

Maziwa ya mama yanaweza kuwa na chembe ndogo za kemikali hizi, lakini faida zake ni kubwa kiasi kwamba ushauri wa Shirika la Afya Duniani unabaki pale pale: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Mama asipunguze hata tone kwa sababu ya mwongozo huu.

Mtoto anayelazimika kupewa maziwa ya kopo yuko mahali ambapo tahadhari mbili zinagongana. Unga wa maziwa si safi kabisa dhidi ya vijidudu, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza uchanganywe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70. Usishushe joto hilo kwa ajili ya kuogopa plastiki. Changanya kwenye jagi la kioo kinene au la stenlesi lililochemshwa, litumbukize kwenye bakuli la maji baridi hadi maziwa yafikie uvuguvugu, ndipo uyamimine kwenye chupa au, bora zaidi, kwenye kikombe kidogo cha kunyweshea, ambacho pia ni rahisi kukisafisha kuliko chuchu ya chupa.

Uji ukiwa wa moto ukae kwenye kikombe cha stenlesi, bakuli la udongo au chupa ya chai yenye kioo ndani. Vile vikombe vya rangi vyenye mfuniko na masikio mawili vinafaa uji ukishapoa hadi kiasi cha mtoto kuunywa. Kijiko cha chuma kidogo ni bora kuliko cha plastiki laini kilichotafunwa hadi kikachanika.

Halafu kuna sakafu. Vilainishi vya kapeti la plastiki hutoka na kushikamana na vumbi, na mtoto anayetambaa hulipeleka vumbi hilo mdomoni pamoja na ndizi aliyoishika. Kupiga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kwa ufagio mkavu, kutandika mkeka wa ukili au kanga nzito anapochezea, na kumwosha mikono kwa sabuni kabla ya kula hupunguza sehemu hiyo bila gharama. Midoli laini yenye harufu kali ya plastiki iondolewe mdomoni mwake. Ulaya na Marekani zimeweka kikomo cha asilimia 0.1 ya thaleti kadhaa kwenye midoli.

Kwa mfuko mdogo

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, fanya kwanza yasiyo na gharama: ondoa nailoni kwenye sufuria ya wali, peleka chupa ya kioo dukani kwa Mangi, na acha kutia vya moto kwenye plastiki. Mwezi unaofuata nunua kikombe na bakuli la stenlesi vya mtoto, na baada ya hapo kopo la shule. Kioo si lazima kinunuliwe kipya. Mitungi ya jemu na asali, ikichemshwa na kukaushwa, hutosha kwa viungo, karanga na samli. Unaponunua vyakula vilivyofungwa kiwandani, tafuta alama ya ubora ya TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo shirika linalosimamia pia usalama wa chakula nchini. Ukikuta mafuta au maji ya chupa yenye harufu ya plastiki, usiyape watoto, tunza risiti na chupa yenyewe, na upeleke taarifa kwao.

Vyombo vya plastiki vilivyobaki havina haja ya kutupwa. Ndoo iendelee kubeba maji ya kuogea, makopo yawekwe sukari, chumvi, majani ya chai na mchele mkavu, na hotpoti ya zamani ikae pembeni ya jiko ikiwa na vitunguu na viazi.